Mheshimiwa akishtakiwa, nani alipe avoka wake?

Siku ya 22 mwezi wa 10 mwaka 2025, mahakama kuu ya Pretoria, nchini Afrika ya Kusini, ilimpa raisi wa zamani Jacob Zuma siku 60 arudishe kwenye hazina ya Leta zaidi ya randi milioni 28.9, pamoja na riba. Kwa dola za Marekani ni zaidi ya milioni 1.6. Makuta hayo hayakujenga barabara wala shule. Yalilipa mawakili waliomtetea Zuma katika kesi ya rushwa iliyoanza kabla hajawa raisi, na ambayo mpaka leo haijafika mwisho.

Mahakama iliongeza kwamba asipolipa, Leta inaweza kuomba mali yake ikamatwe, hata pensheni yake ya uraisi.

Habari hiyo ni ya Afrika ya Kusini, lakini swali lililo ndani yake linazihusu nchi zote zenye viongozi wa kuchaguliwa, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ikiwa mojawapo. Mbunge, seneta, gavana, meya au raisi akipelekwa mbele ya majaji, avoka wake alipwe na nani? Alipwe na yeye mwenyewe, kama raia yeyote? Au alipwe na kodi ya muuza mboga wa soko la Kadutu na ya dereva wa pikipiki wa Butembo?

Jibu si jepesi kama linavyoonekana. Kuna wakati ambapo ni haki Leta ilipe, na kuna wakati ambapo kulipa ni kumwibia raia mara ya pili. Tatizo ni kujua mpaka uko wapi, na nani anauchora.

Namna deni la Zuma lilivyoanza

Mwaka 1999, serikali ya Afrika ya Kusini ilitia saini mikataba mikubwa ya kununua silaha: ndege za kivita, manowari, helikopta. Baada ya muda mfupi tuhuma za rushwa zikaanza. Mwezi wa 6 mwaka 2005, mahakama ya Durban ilimhukumu mfanyabiashara Schabir Shaik, aliyekuwa mshauri wa Zuma katika mambo ya fedha, kifungo cha miaka 15. Kati ya makosa yaliyothibitishwa, mahakama ilisema kwamba alimlipa Zuma ili apate faida kutokana na cheo chake. Siku chache baadaye, raisi Thabo Mbeki alimwondoa Zuma kwenye kiti cha makamu wa raisi, naye Zuma akashtakiwa.

Hapo ndipo Leta ilipoingia. Mwaka 2006, ofisi ya raisi ilikubali kwamba gharama za utetezi wa Zuma zilipwe na serikali. Sharti lilikuwa moja: Zuma aliahidi kwamba akihukumiwa, atarudisha yote. Mawakili hawakutoka ofisi ya mwanasheria wa Leta. Walikuwa mawakili binafsi, waliochaguliwa na mshtakiwa na kulipwa na serikali.

Sharti hilo lilionekana kuwa la busara, lakini lilikuwa na tundu kubwa. Ahadi ya kulipa ilingoja hukumu, na anayelipiwa kila kitu hana haraka ya kufika kwenye hukumu. Kila ombi la kuahirisha kesi, kila rufaa, kila pingamizi lilikuwa na gharama yake, na gharama hiyo haikutoka mfukoni mwa mshtakiwa. Mwaka 2007, mmoja wa mawakili wake, Kemp J. Kemp, alifananisha utetezi huo na mapigano ya Stalingrad, yaani kupigana nyumba kwa nyumba bila kuachia hata moja. Tangu siku hiyo, magazeti ya Afrika ya Kusini yanauita mkakati wa Stalingrad.

Mashitaka yalifutwa mwezi wa 4 mwaka 2009, na mwezi uliofuata Zuma akaapishwa kuwa raisi. Chama cha upinzani cha Democratic Alliance kilikwenda mahakamani kudai uamuzi huo wa kufuta mashitaka uvunjwe. Shauri hilo lilichukua miaka minane, na katika miaka hiyo yote mawakili wa pande zote walikuwa wanafanya kazi. Mwishoni mwa 2017 mahakama ya rufaa ikasema kwamba kufuta mashitaka hakukuwa halali. Zuma alijiuzulu uraisi siku ya 14 mwezi wa 2 mwaka 2018. Mwezi mmoja baadaye mashitaka 16 yakarudishwa. Zuma amekana yote.

Hesabu yafika bungeni

Kwa miaka mingi raia wa Afrika ya Kusini hawakujua vizuri kiasi kilichotumika. Mwezi wa 3 mwaka 2018 ndipo raisi mpya, Cyril Ramaphosa, akijibu swali la upinzani bungeni, alisema kwamba tangu 2006 serikali ilikuwa imetumia randi milioni 15.3. Pia alitaja ile ahadi ya Zuma ya kurudisha akihukumiwa.

Vyama viwili vya upinzani ambavyo kwa kawaida havipatani, Democratic Alliance na Economic Freedom Fighters cha Julius Malema, vilikwenda mahakamani juu ya jambo hilo hilo. Hawakuuliza kama Zuma ana kosa la rushwa. Waliuliza swali dogo zaidi: ni sheria gani iliyoruhusu Leta kulipa?

Serikali ilitegemea sheria ya mwaka 1957 juu ya ofisi ya mwanasheria wa Leta. Sheria hiyo inaruhusu ofisi hiyo kusimamia kesi ambayo serikali si mshiriki wake, ikiwa serikali ina jambo ndani yake au ikiwa ni kwa faida ya umma. Siku ya 13 mwezi wa 12 mwaka 2018, majaji watatu wa Pretoria walisema kwamba sheria hiyo haikutoa ruhusa ya kulipa mawakili binafsi namna ile. Walisema pia kwamba yale ambayo Zuma anashtakiwa hayakuwa kazi ya ofisi yake. Kupokea makuta ya rafiki si kazi ambayo taifa lilimtuma kuifanya. Kwa hiyo hakukuwa na faida ya umma katika kumlipia.

Majaji walifuta maamuzi ya kulipa, wakaamuru hesabu yote ifanywe, na fedha zirudishwe. Hawakusema zirudishwe akihukumiwa. Walisema zirudishwe kwa sababu hazikupaswa kutoka. Ile ahadi ya 2006 ikawa haina kazi tena. Zuma alikata rufaa, na siku ya 13 mwezi wa 4 mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikamkatalia na kumwamuru alipe gharama za kesi hiyo pia.

Tangu hukumu ya kwanza mpaka amri ya 2025 inayotaja kiasi kamili na siku za kulipa, ilipita karibu miaka saba. Ni funzo la kwanza la jambo hili: kutoa makuta ya Leta ni kazi ya saini moja, lakini kuyarudisha ni safari ya miaka.

Kwa nini basi Leta ilipe hata mara moja?

Mtu akisikia habari ya Zuma, anaweza kusema: viongozi wasilipiwe chochote, kila mtu abebe mzigo wake. Lakini mfano wa Ufaransa unaonyesha upande mwingine.

Ufaransa ina komine karibu 35,000, nyingi zikiwa ni vijiji vidogo. Meya wa kijiji si tajiri. Anatia saini ruhusa za kujenga, anaamua juu ya barabara, shule, kiwanja cha mpira. Mtoto akiumia kwenye kiwanja cha komine, familia inaweza kumshtaki meya. Jirani asiyependa nyumba inayojengwa kando yake anaweza kumshtaki pia. Kama meya angelazimika kulipa avoka kutoka mfukoni mwake kwa kila saini aliyoitia kwa jina la raia, watu wenye mali tu ndio wangegombea. Na aliyechaguliwa angeogopa kuamua, kwa maana kila uamuzi una mtu asiyeupenda.

Ndiyo maana sheria ya Ufaransa inasema kwamba komine ina wajibu wa kumtetea meya anayeshtakiwa kwa tendo la kazi yake, ila kwa sharti kwamba si kosa lake binafsi linaloweza kutengwa na kazi hiyo. Meya aliyesahau kuweka alama ya hatari kwenye barabara yuko ndani ya kazi. Meya aliyetia makuta ya komine mfukoni yuko nje. Kutenga kosa la kazi na kosa la mtu ni jambo la zamani katika sheria ya Ufaransa. Majaji walilianza mwaka 1873. Wanasheria wa Congo wanalijua vizuri, maana sheria za Congo zilitoka kwa Ubelgiji, na shule ya sheria ya Ubelgiji na ya Ufaransa zina mizizi ya pamoja.

Kuna pia viongozi ambao hawashtakiwi bali wanashambuliwa. Mwezi wa 3 mwaka 2023, huko Saint-Brevin-les-Pins, magharibi mwa Ufaransa, nyumba ya meya Yannick Morez ilichomwa moto pamoja na magari yake, wakati watu walipokuwa wakipinga mpango wa kituo cha wakimbizi katika komine yake. Miezi miwili baadaye alijiuzulu, akilalamika kwamba Leta haikumsaidia vya kutosha. Kisa hicho kiliumiza taifa. Siku ya 21 mwezi wa 3 mwaka 2024, sheria mpya ilitolewa: meya aliyeshambuliwa au kutishwa anapata ulinzi wa komine, pamoja na gharama za avoka, bila kungoja kwanza kura ya baraza. Kwa komine ndogo, Leta inarudisha gharama.

Kati ya meya huyo na Zuma kuna tofauti ambayo hata mtoto anaiona. Mmoja aliumizwa kwa sababu ya kazi aliyotumwa. Mwingine alishtakiwa kwa faida inayosemekana aliipata yeye mwenyewe. Sheria nzuri ni ile inayoweza kuiona tofauti hiyo kabla makuta hayajatoka, si miaka kumi na miwili baadaye.

Seneta wa Congo aliyelipiwa kwa mkopo

Congo yenyewe ina kisa kimoja kinachojulikana, ingawa aliyelipa hakuwa Kinshasa. Jean-Pierre Bemba alikuwa seneta wa kuchaguliwa alipokamatwa huko Brussels mwezi wa 5 mwaka 2008, kwa ombi la mahakama ya kimataifa ya ICC. Alishtakiwa kwa makosa ya askari wa kundi lake la MLC katika Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 2002 na 2003.

Kwenye ICC, mshtakiwa maskini analipiwa avoka na mahakama. Bemba hakuwa maskini. Mahakama iliona kwamba ana mali. Lakini mali hiyo hiyo ilikuwa imefungwa kwa amri ya mahakama, kwa hiyo hakuweza kuitumia. Majaji walichagua njia ya katikati: mahakama ilitanguliza malipo ya mawakili, zaidi ya yuro 30,000 kwa mwezi, yakiwa deni la kulipwa kutoka mali yake. Makuta ya ICC yanatoka kwa michango ya nchi wanachama, na Congo ni mmoja wao tangu 2002. Kwa hiyo na hayo yalikuwa makuta ya umma, ila yalitolewa kama mkopo wenye dhamana, si kama zawadi.

Mwisho wa kesi hiyo ni wa kukumbukwa. Bemba alihukumiwa miaka 18 mwaka 2016, kisha siku ya 8 mwezi wa 6 mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya ICC ikamwachilia kwa makosa hayo. Alikuwa amekaa kizuizini miaka kumi. Aliomba fidia ya zaidi ya yuro milioni 68, akisema pia kwamba mali yake iliharibika wakati ilipofungwa. Mwezi wa 5 mwaka 2020 ombi hilo lilikataliwa.

Hapo linatokea swali ambalo kisa cha Zuma hakilionyeshi: mtu akionekana kwamba hana kosa, nani anamrudishia gharama za miaka yote hiyo? Katika kisa cha Bemba jibu lilikuwa kwamba hakuna.

Katiba ya Congo inalinda, lakini hainenei bei

Katiba ya Congo ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 inawapa wachaguliwa ulinzi wa aina mbili. Wa kwanza ni kinga. Kifungu cha 107 kinasema mbunge au seneta hawezi kushtakiwa kwa maoni au kura aliyoitoa katika kazi yake. Kwa mambo mengine, wakati wa kikao hawezi kushtakiwa wala kukamatwa bila ruhusa ya baraza lake, isipokuwa amekamatwa papo hapo akitenda kosa. Wa pili ni mahakama ya pekee. Wabunge, maseneta, mawaziri na magavana wanahukumiwa na korti ya kasasio, na raisi pamoja na waziri mkuu wanahukumiwa na mahakama ya katiba.

Hiyo mahakama ya pekee inaonekana kama heshima, lakini ina uchungu wake. Korti hizo zinahukumu mara ya kwanza na ya mwisho. Hakuna rufaa. Mwizi wa kuku anaweza kukata rufaa, ila mheshimiwa hawezi. Avoka akikosea siku ile, hakuna siku nyingine. Kwa hiyo ubora wa utetezi, na bei yake, ni jambo kubwa kwa wachaguliwa kuliko raia wengi wanavyofikiri.

Juu ya bei hiyo, katiba iko kimya. Kifungu cha 19 kinasema kila mtu ana haki ya kujitetea mwenyewe au kusaidiwa na mtetezi anayemchagua, kwenye kila ngazi ya kesi. Kinasema anamchagua, hakisemi anamlipia nani.

Kesi za miaka ya karibuni zinaonyesha uzito wa jambo. Augustin Matata Ponyo, mtoto wa Maniema na waziri mkuu wa zamani, alifuatwa kwa miaka karibu minne juu ya hifadhi ya kilimo ya Bukanga Lonzo, iliyoanzishwa mwaka 2014. Alikuwa seneta jambo lilipoanza 2021, na mbunge wa taifa lilipoisha. Mahakama ya katiba ilisema kwanza, mwezi wa 11 mwaka 2021, kwamba haina uwezo wa kumhukumu. Baadaye ikabadili msimamo wake. Siku ya 20 mwezi wa 5 mwaka 2025 ilimhukumu miaka 10 ya kazi ya lazima. Gavana wa zamani wa benki kuu, Deogratias Mutombo, na mfanyabiashara wa Afrika ya Kusini, Christo Grobler, walihukumiwa miaka mitano kila mmoja. Fedha zilizotajwa ni karibu dola milioni 247. Matata amekana, na upande wake umesema hukumu ni ya kisiasa. Uongozi wa bunge la taifa nao ulilalamika kwamba ruhusa ya kumfuata mbunge haikuombwa.

Miezi michache baadaye, siku ya 2 mwezi wa 9, korti ya kasasio ilimhukumu Constant Mutamba, mbunge aliyechaguliwa Lubao na waziri wa sheria aliyejiuzulu, miaka mitatu ya kazi ya lazima. Ilikuwa juu ya zaidi ya dola milioni 19 zilizotajwa kwa ujenzi wa gereza la Kisangani. Naye alikana.

Kuna na kisa kinyume. Vital Kamerhe, wa Kivu Kusini, alihukumiwa miaka 20 mwezi wa 6 mwaka 2020 katika kesi ya mpango wa siku mia, alipokuwa mkurugenzi wa ofisi ya raisi. Rufaa ilipunguza miaka ikawa 13, na mwezi wa 6 mwaka 2022 akaachiliwa huru bila kosa. Wakati huo hakuwa mchaguliwa, kwa hiyo alikuwa na haki ya rufaa, na rufaa ndiyo iliyomtoa. Leta ingekuwa imekataa kumlipia mwaka 2020, ingesemwa imefanya vizuri. Mwaka 2022 ingesemwa imemwonea. Ndiyo maana kanuni haiwezi kujengwa juu ya hasira ya siku ya kukamatwa.

Yule asiye na cheo

Mazungumzo yote juu ya avoka wa mheshimiwa yanasikika vibaya mbele ya mlango wa gereza. Makala, gereza kuu la Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1,500. Limekaa miaka mingi likiwa na watu mara kadhaa ya hesabu hiyo, wengi wao wakiwa hawajahukumiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa 9 mwaka 2024, katika jaribio la kutoroka, watu wasiopungua 129 walikufa humo, kwa hesabu ya serikali. Magereza ya mashariki yana historia yake ya msongamano inayojulikana kwa kila familia yenye mtu ndani.

Sheria ya Congo haikumsahau kabisa maskini. Sheria ya 1979 juu ya mawakili inataka kila chama cha mawakili kiwe na ofisi ya ushauri wa bure, ile ambayo wengi wanaiita BCG. Mtu akionyesha cheti cha umaskini, anaweza kupewa avoka bila kulipa. Kwenye karatasi, ni jambo jema. Katika kazi, avoka huyo mara nyingi analipa mwenyewe nauli ya kwenda gerezani na fotokopi za faili. Mashirika ya kigeni yakileta mradi, kazi inaenda. Mradi ukiisha, kazi inapungua.

Kwa hiyo Leta ikiamua siku moja kulipia mawakili wa wachaguliwa, raia atauliza, na ana haki ya kuuliza: na kijana aliyekaa miezi minane Kabare au Kangbayi bila kuonana na jaji, zamu yake ni lini? Kifungu cha 12 cha katiba kinasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Usawa huo hauanzi kwa mheshimiwa.

Hata hivyo, kumnyima mheshimiwa hakumpi kijana huyo avoka. Mambo haya mawili yanaweza kutatuliwa pamoja, au yasitatuliwe yote.

Kanuni ingefanana na nini?

Kutoka visa vya Pretoria, Paris na The Hague, mtu anaweza kuokota mambo matano ambayo sheria ya Congo, au edikti ya jimbo, ingeweza kuyaandika.

La kwanza ni mpaka. Leta inalipia tendo la kazi: uamuzi, kura, saini, neno lililosemwa kwa jina la raia. Hailipii tuhuma ya kujipatia mali. Mbunge wa jimbo anayeshtakiwa na kampuni ya madini kwa sababu aliuliza swali juu ya makuta ya jamii yuko upande mmoja. Yule anayetuhumiwa kula makuta hayo yuko upande mwingine.

La pili ni anayeamua. Katika Ufaransa baraza la komine linapiga kura, na raia anaweza kwenda kwa jaji kupinga kura hiyo. Kule Pretoria, ofisi ya raisi iliamua ndani ya ofisi, na raia walijua baadaye. Mtu anayefaidika, au rafiki zake wa chama, wasiwe peke yao kwenye meza ya kuamua.

La tatu ni kipimo. Bei ya avoka wa Leta ijulikane, na iwe na mwisho. Bila kipimo, mkakati wa Stalingrad unalipwa na yule yule anayecheleweshewa haki.

La nne ni kurudisha. Mfano wa ICC unaonyesha kwamba penye shaka, Leta inaweza kutoa mkopo badala ya zawadi, na kushika dhamana tangu siku ya kwanza. Katiba ya Congo, kifungu cha 99, tayari inamtaka raisi na mawaziri watangaze mali zao wanapoingia na wanapotoka. Tangazo hilo lingeweza kuwa msingi wa dhamana hiyo. Na akionekana hana kosa, deni lifutwe, tena arudishiwe alichotoa.

La tano ni mwanga. Randi milioni 15.3 zilijulikana kwa sababu mpinzani aliuliza bungeni na raisi akalazimika kujibu. Makuta yanayotoka chini ya jina lingine hayawezi kudaiwa na mtu yeyote, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba yalitoka.

Jambo hilo la tano halingoji sheria mpya. Kila mwaka, kati ya tarehe 15 mwezi wa 9 na tarehe 15 mwezi wa 12, bunge la taifa na seneti vinakaa katika kikao cha bajeti. Mbunge mmoja tu anatosha kuuliza ni ofisi gani za Leta zinalipa mawakili binafsi, kwa kesi ya nani, na kwa kiasi gani. Mabunge ya majimbo nayo yanaweza kuuliza hivyo kwa magavana wao. Ni swali la mstari mmoja, na jibu lake ni tarakimu.